Mbele ambulansi ifike: namna mugonjwa anaokolewa huku kwetu mashariki

Tuchukue mufano ambao kila mutu wa milimani anaujua. Ni saa nane ya usiku. Mama ametoka kuzaa nyumbani, mutoto analia vizuri, lakini damu ya mama haikatiki. Kufika sentri ya afya kwa muguu ni mwendo wa saa mbili, na hospitali jenerali iko mbali kupita hapo. Mvua imenyesha, barabara imekuwa matope. Ambulansi ya zoni imepeleka mugonjwa mwingine upande wa pili wa mulima. Munganga yeyote atakuambia kwamba damu ya uzazi inaweza kuua mutu ndani ya muda wa saa mbili tu. Ile saa, kitu kinachoamua uzima wa yule mama ni majirani: nani ameamka, na anajua kufanya nini?

Makala hii inaeleza namna musaada wa haraka unafanyika katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri: ambulansi ni ya nani, nani anabeba mugonjwa fasi gari haifiki, sababu gani kuna wakati watu waliikimbia, na mambo gani munaweza kupanga leo, wakati hakuna mutu anayelia ndani ya nyumba.

Ambulansi ilitoka wapi, na kwetu ni ya nani?

Neno ambulansi limetoka katika Kifaransa, na mwanzo wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kutembea. Zamani lilimaanisha hospitali ya kutembea, yenye kufuata jeshi. Kuanzia mwaka 1792, munganga Mufaransa Dominique Larrey, alipoona askari wenye kuumia wanabaki uwanjani muda murefu bila musaada, alitengeneza magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili kuwachukua wakati vita ingali inaendelea. Alifuata pia kanuni hii: mwenye kuumia zaidi ndiye anatunzwa wa kwanza, bila kuangalia cheo chake. Mupaka leo wanganga wa urjansi wanafuata kanuni hiyo. Ndiyo maana unaweza kufika hospitali wa kwanza na mukono uliovunjika, kisha mwingine aliyefika nyuma yako akaingizwa mbele. Hawakukuzarau. Wameona kwamba yeye anaweza kufa na wewe unaweza kungoja.

Inchi yetu iko na zoni za afya 519. Kivu ya Kaskazini iko na 34, Kivu ya Kusini 34, na Ituri 36. Kwa kawaida kila zoni iko na ofisi yake kuu (wengi wanaiita BCZ), hospitali jenerali yenye kupokea wagonjwa wakali, na sentri za afya. Chini kabisa, karibu na mulango wako, kuna RECO, ni kusema mujumbe wa afya wa kijiji ao wa avenyu, pamoja na kamati ya CODESA inayounganisha wakaaji na sentri yao.

Njia ya mugonjwa inapanda ngazi hiyo. RECO anaona alama ya hatari, sentri inatoa tiba ya kwanza na kuandika karatasi ya kumutuma mugonjwa, kisha ambulansi inamupeleka hospitali jenerali. Kwenye karatasi ngazi hii ni nzuri. Njiani mambo yanakuwa mengine. Zoni moja inaweza kuwa na milima na misitu ambamo hakuna barabara ya gari. Mukaaji wa Idjwi anapaswa kuvuka ziwa Kivu kama anatumwa Goma ao Bukavu. Fasi nyingi familia inaombwa mafuta mbele gari iwashwe. Na kuna siku barabara inafungwa na vita, basi hata gari nzima yenye mafuta inabaki kwenye parselle.

Kuchelewa mara tatu

Mwaka 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza sababu wamama wengi wanakufa wakati wa uzazi hata kama tiba inajulikana. Walisema kuna kuchelewa mara tatu. Kwanza, watu wanachelewa kuamua: bwana hayuko, mama mukwe anasema tungoje asubuhi, pesa haiko. Pili, wanachelewa kufika: barabara, mutoni, usiku. Tatu, wanachelewa kutunzwa wakati wamekwisha kufika: damu haiko, munganga hayuko, wanaombwa malipo kwanza.

Maelezo haya yanahusu uzazi, lakini ukiyaweka kwenye ajali ya moto, kwenye mutoto mwenye degedege, ao kwenye mutu aliyepigwa risasi, utaona yanaingia vilevile. Ambulansi inasaidia ule wa pili tu. Ule wa kwanza uko mikononi mwa familia na majirani. Ule wa tatu unapungua kama hospitali imepigiwa simu mapema na imejitayarisha.

Kipoyi: ambulansi ya mabega

Fasi gari haifiki, watu wanatumia kipoyi. Wengine wanasema tipoyi. Ni kitanda cha miti, kamba na blanketi, chenye kubebwa na watu wane na wengine nyuma wa kubadilishana. Wazee wanakumbuka historia ya uchungu ya jina hilo. Wakati wa ukoloni, kipoyi kilikuwa kiti cha kubebea wakubwa wa serikali na wamisionere, na wabebaji mara nyingi walilazimishwa. Leo kazi imegeuka: wanainchi wanabebana wao kwa wao, kwa mapenzi yao.

Kubeba vile kunahitaji mpango. Ngambo ya Bunagana, katika eneo la Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, wakaaji wana vikundi vinavyoitwa engozi, jina la machela yenyewe. Kila nyumba ni mwanamemba. Mutu akiwa mugonjwa, ao akifa mbali na kwao, wanakikundi wanaitwa kumubeba, kila mutu kwa zamu yake, na asiyetokea bila sababu anatozwa faini. Muchango wao uliwafundisha kutunza pesa pamoja. Ndiyo sababu hospitali ya Kisiizi, ilipoanzisha bima ya afya mwaka 1996, ilipitia kwenye vikundi vya engozi, juu watu walikuwa wamekwisha kuzoea kulipa mbele ya ugonjwa.

Huku kwetu tuko na vitu vya kuanzia: AVEC za wamama, likelemba, vikundi vya makanisa na vya misikiti, vyama vya wamotari. AVEC nyingi ziko na kisanduku cha pili, cha mambo ya huruma. Kama kisanduku hicho kinaweza kununua sanda, kinaweza pia kukopesha mafuta ya ambulansi usiku, ili pengine sanda isinunuliwe.

Wavolonteri wa Croix-Rouge

Kwenye muji na kwenye vijiji, watu wanaojulikana zaidi kwa musaada wa kwanza ni wavolonteri wa Croix-Rouge, ni kusema Musalaba Mwekundu. Kazi hiyo ilianza Ulaya kisha vita ya Solferino, Italia, tarehe 24 Juni 1859. Henry Dunant, mufanyabiashara kutoka Geneva, aliwakuta maelfu ya askari wameachwa bila tiba. Pamoja na wamama wa mji wa Castiglione aliwahudumia wote, wa upande huu na wa upande ule. Mwaka 1863 kamati ya Musalaba Mwekundu ikaanzishwa Geneva.

Volonteri wa kwetu ni jirani yako: mwanafunzi, muuzaji wa soko, fundi cherehani. Amefundishwa kufunga kidonda na kubeba mutu bila kumuvunja zaidi. Kazi yake haiishii kwenye damu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mupaka wa Rwanda, na watoto wengi wakatengana na wazazi wao. Kurudisha mutoto kwa mama yake ilikuwa pia kazi ya musaada wa haraka.

Wakati watu walikimbia ambulansi

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, kuanzia upande wa Mangina. Ilifika Beni, Butembo, Katwa na Ituri. Ilipotangazwa kuwa imeisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamepata ugonjwa na 2,287 walikuwa wamekufa.

Wakati ule, ambulansi ilikuwa kitu cha kuogopesha. Gari inafika na king'ora, watu wanashuka wamevaa kama hawana sura, wanachukua baba, wanafunga mulango. Siku chache kisha, familia inaitwa kuzika. Katika eneo ambalo watu walikuwa wanauawa miaka mingi bila gari yoyote kuja kuwaokoa, wengi waliuliza: leo haya magari mengi yametoka wapi? Wagonjwa walifichwa. Timu za mazishi zilitupiwa mawe. Wahudumu walishambuliwa na wengine waliuawa.

Ile hofu ilikuwa na bei yake. Dawa mbili zilizojaribiwa wakati ule zilionyesha kwamba mugonjwa anayefika mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kila siku ya kujificha ilipunguza nafasi hiyo na kuambukiza nyumba nzima.

Kuna mambo yaliyosaidia kurudisha imani, na yanafaa kukumbukwa. Vyumba vya plastiki vyenye kuonyesha ndani viliwekwa Beni, ili familia imuone mugonjwa wao na kuongea naye. Wale waliopona, waliojiita washindaji, walitunza watoto ambao wazazi wao walikuwa kitandani. Walipoongea kwenye redio na mitaani, watu waliwasikiliza kwa sababu walikuwa watu wa hapo hapo, wenye kupita njia ile. Funzo ni kwamba kazi ya ambulansi inaanza mbele ya ugonjwa. Mufanyakazi akijulikana kwenye avenyu na akieleza familia anafanya nini na anapeleka mugonjwa wapi, mlango unafunguliwa. Na familia ina haki ya kuuliza.

Vita na ile gari yenye alama

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, yenye kusaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu (CICR), ilipokea mamia ya wenye kuumia, na vitanda havikutosha. Kisha wavolonteri walishugulika pia na kuzika wafu.

Sheria iko wazi. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanasema wagonjwa na wenye kuumia waokotwe na watunzwe, hata katika vita ya ndani ya inchi. Munganga, ambulansi na hospitali havipigwi. Askari aliyeumia na kuacha kupigana ni mugonjwa kama mwingine, awe wa upande gani. Lakini ulinzi huo unaharibika kama gari inabeba silaha ao wapiganaji wazima. Kijana anayechora musalaba mwekundu kwenye gari yake ili apite kwenye barriere anahatarisha kila ambulansi itakayokuja nyuma yake.

Mukono wa kwanza: la kufanya wakati munangoja

Mambo haya hayachukui nafasi ya munganga. Yanamuletea mutu akiwa angali muzima.

Damu inayotoka sana: Vaa mufuko wa plastiki safi mikononi kama gants haiko. Weka kitambaa safi juu ya kidonda na kandamiza kwa nguvu bila kuachilia. Usiinue kila mara kuangalia. Kama kitambaa kimelowa, ongeza kingine juu yake. Laza mutu, mufunike asipate baridi. Kama ni mukono ao muguu na damu inakataa kabisa, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa mwili, mbali na kiungo, kaza na kijiti, andika saa, na usifungue mupaka hospitali.

Ajali ya moto: Musimunyanyue kwa mikono na miguu, na musimukalishe katikati ya watu wawili juu ya moto kama shingo ao mugongo unauma. Tumieni mulango ao ubao, kichwa na mugongo vibaki musitari mumoja. Musimupe kitu cha kunywa.

Mutu aliyepoteza akili lakini anapumua: Mulaze kwa ubavu, mudomo uangalie chini kidogo, ili matapiko yasimuzibe.

Kuungua: Mwagia maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, udongo wala yai. Funika na kitambaa safi.

Nyoka: Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linapendwa sana huku kwetu, lakini halitoi sumu ya nyoka, linakula muda. Toa pete na bangili, fanya muguu usitikisike, na abebwe, asitembee.

Mama mwenye mimba: Damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, homa kali, maji kutoka mbele ya wakati, ao mutoto kuacha kucheza tumboni: kila moja ya alama hizi ni safari ya sasa hivi. Kama amezaa na damu haikatiki, weka mutoto kwenye ziwa, sugua tumbo chini ya kitovu mupaka liwe gumu, na muondoke.

Mutoto mudogo: Asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, ao anayelala bila kuamka vizuri, asingoje asubuhi.

Aliyebakwa: Hii pia ni urjansi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzishwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni vizuri zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inafaa mupaka saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku. Mupelekeni kwa siri na kwa heshima. Tiba inatangulia mambo ya tribinali. Na aliyepitisha saa hizo aende pia, juu tiba nyingine bado iko.

Jipangeni wakati hakuna anayelia

Kamati ya avenyu, RECO na wamama wa AVEC wanaweza kukaa siku moja na kujibu maswali haya:

Namba ya sentri na ya ambulansi ya zoni yetu ni gani? Iandikwe ukutani kwa kanisa, kwa musikiti, kwa duka, na ijaribiwe mchana.

Nani ana kipoyi, na kamba zake zingali nzuri? Wabebaji wa zamu ya juma hili ni nani?

Motari gani anakubali kuamshwa usiku, na bei ni gani? Muipatane sasa, kuliko kubishana wakati mutu anakufa.

Pesa ya mafuta iko kwa nani, na inarudishwa namna gani?

Wamama gani watazaa mwezi huu? Kila mumoja aseme mbele nani atamusindikiza, nani atabaki na watoto, na nani anaweza kuamua kama bwana yake hayuko.

Nani atatoa damu? Mutu akiishiwa damu, hospitali inaita ndugu. Wanaokubali waende kupimwa kundi lao mapema.

Na wakati mugonjwa anaondoka, andikeni kwenye kikaratasi jina lake, umri, saa jambo lilianza, na dawa yoyote aliyopewa, hata ya mizizi. Musione haya. Munganga anahitaji kujua, hakuitisha karatasi ili amuhukumu mutu. Mumoja apige simu hospitali iwe tayari.

Turudi kwa yule mama wa saa nane ya usiku. Mvua ni ile ile na barabara ni ile ile. Lakini mama mukwe hakusema tungoje. Jirani amesugua tumbo, mutoto yuko kwenye ziwa. Vijana wane wa zamu wamekwisha kufika na kipoyi, wane wengine wanakuja na tochi. Pesa ya AVEC iko ndani ya leso ya mama mumoja, na sentri imepigiwa simu. Munganga wa huko amesema atatayarisha dawa na atakuja kuwapokea njiani. Ambulansi nayo, ikirudi, itawakuta kwenye barabara kubwa. Hata hivyo si hakika kwamba mama atapona. Lakini ile saa moja ya kwanza, ambayo kila mara inapotea tukiulizana tufanye nini, safari hii haikupotea.